Mkono Mwepesi kwa Uso Mweusi

Jumamosi harusi, Jumapili ubatizo, na Jumatatu asubuhi mama wa bibi harusi anapiga simu kuuliza picha zimefikia wapi. Ndivyo wiki inavyokwenda kwa mpiga picha wa Kator, mtaa wa Juba nchini Sudan Kusini, anayepata riziki yake kando ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa, kanisa ambamo Papa Francis alikutana na maaskofu, mapadri na watawa tarehe 4 Februari 2023. Kupiga picha zenyewe ni kazi ya saa chache. Kuzihariri ndiko kunakokula usiku, na hapo ndipo linapozuka swali la tableti ya kalamu: je, ninunue? Ipi? Kwa bei gani?

Nitatoa jibu langu wazi, kwa sababu fedha inayozungumziwa hapa ni ya mtu aliyejibana. Lakini kwanza tuelewane kifaa hiki kinafanya nini, maana wengi wakisikia tableti hufikiria ile ya kutazamia video. Hii ni nyingine. Ni ubao mwembamba wa plastiki unaochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, pamoja na kalamu isiyo na wino. Kila sehemu ya ubao ina mahali pake kwenye skrini: ukigusa kona ya juu kushoto, mshale unarukia kona ya juu kushoto. Zaidi ya hayo, kalamu inahisi umekandamiza kwa nguvu kiasi gani, na hilo ndilo unalolilipia.

Kipanya hakihisi kitu kama hicho. Kimebonyezwa au hakijabonyezwa, basi. Chukua picha ya bibi harusi aliyesimama mlangoni pa kanisa saa saba mchana. Gauni ni jeupe, ukuta nyuma yake unawaka jua, na kamera imejitahidi kuliokoa gauni lisiungue. Uso umeangukia gizani, macho yamezama kwenye kivuli cha nyusi, na kipaji kinang'aa kwa jasho. Fundi anafungua tabaka jipya, anachagua brashi laini, anashusha nguvu yake hadi asilimia 3 au 4, kisha anaanza kupandisha mwanga chini ya jicho. Akitumia kipanya, kila mpito unaacha mchirizi wenye uzito uleule toka mwanzo hadi mwisho. Anarudia, michirizi inapandana, na shavu linakuwa na mabaka. Akitumia kalamu anaanza kwa kugusa tu, anakaza kidogo katikati ya kivuli, halafu anainua mkono taratibu. Hakuna mahali jicho litasema mwanga umeanzia hapa.

Kwa ngozi yetu jambo hili lina uzito kuliko kwa ngozi nyingine. Picha ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, kuanzia sifuri ambayo ni giza tupu hadi 255 ambayo ni weupe mtupu. Uso mweusi uliokaa kivulini unaweza kujikusanya wote kati ya ngazi ya 20 na ya 90. Ndani ya nafasi hiyo finyu kuna umbo la pua, mfupa wa shavu, pembe ya mdomo, kila kitu kinachomfanya bibi harusi huyo awe yeye. Ukiruka ngazi 10 kwa pigo moja la brashi kwenye uso uliojaa mwanga, huenda mtu asione. Ukiruka 10 hapa chini, umemchora upya. Tena usipandishe mwanga kwa kupaka nyeupe, kwa sababu nyeupe juu ya weusi hutoa rangi ya majivu, na mteja atakuambia ndugu yake anaonekana mgonjwa. Pandisha kwa mkunjo wa mwanga, yaani zana ya kurekebisha ngazi zenyewe, kisha tumia kalamu kuamua mabadiliko hayo yaingie wapi na kwa kiasi gani.

Halafu kuna mng'ao. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao kuliko kwa vivuli, na fundi anayefuta kila kinachong'aa kwa kudhani ni jasho anabaki na uso bapa. Punguza mng'ao wa kipaji kwa nusu. Wa mfupa wa shavu uache.

Kushindwa kuitendea haki ngozi nyeusi kuna historia. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikizipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Mafundi waliiita kadi hiyo Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha hiyo mwanzoni. Mashine zilirekebishwa mpaka ngozi ya Shirley ipendeze, na ya mtu mweusi ilitoka ilivyotoka. Miaka mingi baadaye, Novemba 1997, msichana wa mji wetu wa Wau, Alek Wek, aliyekuwa amekimbilia Uingereza kwa sababu ya vita, alitokea kwenye jalada la jarida la Elle la Marekani, na dunia ya mitindo ikalazimika kujifunza kuangaza na kuhariri ngozi kama yake. Itakuwa aibu elimu hiyo ikae New York na Paris, halafu ndugu zake wa Juba waendelee kutolewa rangi ya majivu.

Kuna jambo jingine la nyuso za hapa, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Ni chale. Mnuer aliyepitia gaar, yaani jando la kuchanjwa uso, ana mistari sita inayokata paji la uso. Mshilluk ana safu ya vinundu juu ya nyusi. Wamundari, majirani wa Juba upande wa kaskazini, huchanja mistari ya umbo la V, na Wadinka wana namna zao kulingana na sehemu wanakotoka. Wote hawa wanakutana Juba, na wote wanaingia studio kupigwa picha. Sasa fikiria zile programu za simu na kompyuta zinazolainisha ngozi kwa kubonyeza mara moja. Kazi yake ni kutafuta kila kisicho sawasawa juu ya ngozi na kukisawazisha. Kinundu cha Mshilluk na chunusi vyote kwake ni kivuli kidogo penye uso laini. Ukibonyeza hicho kitufe kwenye picha ya mzee, unamvua kitu alichokivumilia kwa damu akiwa kijana, na huenda picha hiyo ndiyo itakayowekwa juu ya jeneza lake.

Kalamu inakuruhusu kufanya tofauti. Unalainisha kati ya mstari na mstari, unaukwepa mstari wenyewe, unapita pembeni mwa kinundu kwa ncha nyembamba. Ni kazi ya dakika kadhaa, na kwa kipanya haifanyiki vizuri hata ukipewa saa nzima.

Inazidi kuwa ngumu picha ikiwa kuukuu. Juba imejaa watu waliorudi: kutoka Khartoum baada ya uhuru wa Julai 2011, kutoka kambi ya Kakuma huko Kenya, kutoka kambi za Uganda, na tena kutoka Sudan tangu vita vilipozuka huko Aprili 2023. Watu hao hubeba picha mfukoni, ndani ya Biblia, ndani ya mfuko wa nailoni. Mtu analeta picha moja tu ya babu, imekunjwa mara nne, ina alama za unyevu, na anataka ikuzwe iwekwe kwenye fremu. Tuseme kunjo moja limepita katikati ya paji la uso, sambamba na mistari ya gaar, kati ya mstari wa tatu na wa nne. Skana imezichukua zote, chale na kunjo, kama mistari ya kijivu. Mashine haiwezi kuzitenganisha. Fundi mwenye subira anaikuza picha mpaka aone chembechembe za karatasi: kunjo lina kingo kali na weupe wa karatasi iliyochanika, chale ina upande wenye mwanga na upande wenye kivuli, kwa sababu ni ngozi iliyoinuka. Anaziba kunjo kidogo kidogo kwa kunakili ngozi ya jirani, pigo fupi baada ya pigo fupi. Akitia shaka, anapiga simu kwa familia na kuuliza babu alikuwa na mistari mingapi. Hiyo simu ni sehemu ya kazi.

Basi, ununue ipi?

Nianze na kile usichohitaji. Tableti zenye skrini, ambazo unachora moja kwa moja juu ya picha, zinapendeza mno. Cintiq 16 ya Wacom ilipotoka mwaka 2019 iliuzwa takriban dola 650 huko Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Inahitaji adapta yake ya umeme mbali na ile ya kompyuta. Tangu mwaka huohuo wa 2019 Juba ina mtandao mpya wa umeme unaosambazwa na kampuni ya JEDCO, lakini nyumba na studio nyingi bado zinaishi kwa jenereta na sola, na kila wati unaoongeza ni mafuta au ni betri. Ubao usio na skrini unakula umeme wa tundu la USB tu, ambalo kwa kiwango cha USB 2.0 halitoi zaidi ya wati 2.5. Kompyuta mpakato yenye betri nzima itaendelea kuulisha hata jenereta ikizimwa. Halafu kuna joto. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45. Katika hali hiyo, skrini inayopata moto chini ya kiganja ni adhabu.

Usidanganywe na idadi ya viwango vya mkandamizo pia. Sanduku moja litakuambia 2048, jingine 4096, jingine 8192, na muuzaji atakuongezea bei kwa kila daraja. Kumbuka zile ngazi 256 za picha. Kalamu ya viwango 2048 tayari ina mara nane ya ngazi hizo, na mkono wa binadamu hauwezi kutofautisha ila sehemu ndogo ya viwango hivyo. Kinachohisiwa kweli ni kitu kingine ambacho mara nyingi hakiandikwi kwenye sanduku: kalamu inaanza kuitika kwa mguso mwepesi kiasi gani. Kalamu nzuri inachora kwa uzito wake wenyewe. Kalamu mbaya inakungoja ukaze, halafu inamwaga rangi yote kwa mara moja. Hilo utalijua kwa kujaribu tu.

Unachohitaji ni kalamu isiyo na betri. Wacom, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1983, ndiyo iliyoieneza teknolojia ya kalamu inayopata nguvu yake kutoka kwenye ubao kwa njia ya sumaku-umeme. Kwa miaka mingi washindani wake waliuza kalamu za kuchaji au za betri ndogo, na bado zimo sokoni kama mitumba. Ziache. Siku hizi Huion ya Shenzhen na XP-Pen nao wana kalamu zisizo na betri hata kwenye tableti zao za bei ya chini. Faida nyingine ya mfumo huo ni kwamba jasho la kiganja haliisumbui kalamu. Likikukera, vaa glavu ya vidole viwili au tandika kitambaa laini chini ya mkono.

Kwenye ukubwa ndipo watu wanapokosea zaidi. Mchoraji wa katuni anahitaji ubao mkubwa kwa sababu huvuta mistari mirefu kwa mkono mzima. Mhariri wa picha hukuza uso mpaka ujae skrini, kisha hupiga vipigo vifupi kwa kifundo cha mkono. Kwa kompyuta mpakato ya inchi 14 au 15, ubao wenye eneo la kazi la milimita 152 kwa 95, kama One by Wacom ndogo (CTL-472), au 160 kwa 100, kama Huion H640P, unatosha kabisa. Ukiwa na skrini kubwa ya mezani, panda hadi ule wa kati: milimita 216 kwa 135 kwa Wacom CTL-672. Kupita hapo unalipia plastiki, na meza ya studio ya Kator haina nafasi hiyo.

Hizi ndogo, kwa bei za watengenezaji, huwa chini ya dola 70. Juba itaongeza yake, kwa kuwa mzigo mwingi unapanda kutoka Kampala kupitia Gulu, unavuka mpaka wa Elegu, kisha unafuata kilomita 192 za lami kutoka Nimule. Anayelipwa kwa pauni ya Sudan Kusini ajue pia kwamba bei ya kifaa inafuata dola. Ndiyo maana wengi humwagiza mtu anayesafiri kwenda Kampala, au Nairobi kwenye maduka ya Luthuli na Moi Avenue. Ukimwagiza mtu, mpe namba kamili ya modeli, maana majina yanafanana sana. Mwambie amwombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta dukani, avute mstari mmoja kutoka mguso mwepesi hadi mkandamizo mzito, na akutumie video. Mstari ukitoka mwembamba na kunenepa taratibu, alipe. Ukitoka wa unene mmoja, au ukikatika, arudishe kwenye sanduku. Aangalie kama ncha za akiba zimo, kwa sababu ncha huisha kama risasi ya penseli, na vumbi la Juba likikaa juu ya ubao huzila haraka zaidi. Futa ubao kila unapoanza kazi. Waya uwe ule unaochomoka, ili ukiharibika uweke mwingine. Kebo ya maikro-USB inapatikana popote panapouzwa vifaa vya simu.

Mitumba sina ugomvi nayo, ila jihadhari na Bamboo za zamani za Wacom. Zilikuwa imara, lakini draiva mpya hazizitambui, na utabaki ukiwinda toleo la kale kwa bando lako.

Draiva ni ile programu inayoitambulisha kalamu kwa kompyuta. Ipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, uihifadhi kwenye flashi, maana ipo siku Windows itakufa na intaneti haitakuwepo. Usiweke draiva za kampuni mbili kwenye kompyuta moja, zinagombana. Ukishaiweka, fanya mambo mawili kabla ya kugusa picha ya mteja. Kwanza, linganisha umbo la ubao na la skrini. Ubao wa 160 kwa 100 una uwiano wa 16:10, na kompyuta nyingi ni 16:9. Usiporekebisha, duara unalochora litatanuka upande kwa takriban asilimia 11. Weka alama kwenye chaguo la kulinda uwiano, upoteze milimita 10 za chini, mkono wako uwe mkweli. Pili, nenda kwenye mpangilio wa kalamu wa Windows uzime ile tabia ya kungoja ukishikilia kalamu. Ndiyo inayoleta kiduara kinachozunguka na kuchelewesha kila pigo.

Photoshop inalipiwa kila mwezi kwa kadi inayokubalika nje. Asiye nayo asijione amefungiwa mlango. GIMP ipo tangu 1996, Krita ipo, zote ni za bure na zote zinaheshimu mkandamizo. Kwenye GIMP hakikisha umeiwasha kalamu kwenye orodha ya vifaa vya kuingizia, la sivyo itafanya kazi kama kipanya ghali. Wanaohariri kwa simu wanaweza pia kuunganisha baadhi ya tableti hizi na Android kwa adapta ya OTG, ingawa mimi singemshauri mtu kurekebisha uso wa mteja kwenye skrini ya kiganjani.

Nikitaja skrini, niseme na hili. Kompyuta nyingi za bei nafuu zina skrini ambayo ukiinamisha kidogo, weusi unageuka kijivu. Unaweza kuwa na kalamu bora duniani na ukahariri uongo. Keti pembe ileile kila siku, chapisha picha moja ya uso mweusi unaoufahamu, iweke kando ya skrini, na urekebishe mwanga wa skrini mpaka viwili hivyo vifanane. Karatasi hiyo moja itakufaa kuliko kuongeza dola 100 kwenye tableti.

Wiki ya kwanza mkono utakataa. Macho yako yatakuwa kwenye skrini na kalamu chini, na utatamani kurudi kwenye kipanya. Kiweke mbali, hata kwa kufungua mafaili. Waliozoea kipanya hukaza sana. Ilegeze kalamu kwenye mpangilio wa draiva mpaka mguso mdogo uitike.

Kwa hiyo jibu langu kwa mpiga picha wa Kator anayeanza ni hili: nunua tableti ndogo isiyo na skrini, yenye kalamu isiyo na betri, ya Wacom au Huion au XP-Pen, ipi kati ya hizo iliyo karibu na ambayo ncha zake unaweza kuzipata tena. Fedha iliyobaki iweke kwenye betri ya kompyuta na ncha za akiba. Na ninyi wenye studio, msiifungie kabatini mkisubiri kazi kubwa. Mpeni kijana anayejifunza, mpeni na picha kuukuu za familia yenu, aanzie hapo.